Kuhesabu familia ya korobindo nyusi-nyeupe: viota vingi, ndege wachache

Mgunga mmoja umebeba viota 20 vya nyasi kavu. Mpita njia anatazama juu, anakadiria ndege wawili kwa kila kiota, anaandika 40. Hesabu hiyo haina msingi. Korobindo nyusi-nyeupe (Plocepasser mahali) hujenga viota vingi kuliko idadi yake, na kwa kawaida kila ndege mkubwa hulala peke yake ndani ya kiota chake. Mti wa viota 20 unaweza kuwa wa ndege watano tu. Kuna na wanaokosea kwa upande wa pili: wanafika saa nne asubuhi, wanaona ndege wawili mtini, wanaandika wawili na kuondoka, ilhali wenzao sita wako chini nyuma ya vichaka wakichakura mavumbi.

Kazi inayoelezwa hapa ni kujua, bila kugusa kiota hata kimoja, familia ina ndege wangapi, wanaozaa ni akina nani, na uzazi umefikia hatua gani. Tenga jioni tatu na alfajiri mbili kwa kila mti. Ukiharakisha ukafanya jioni moja, utapata namba, lakini hutakuwa na njia ya kujua kama ni namba ya kweli.

Mjue ndege kwanza

Ana urefu wa sentimita 17 hadi 19, mwili wa kujaa, mkia mfupi kiasi. Alama kuu ni nyusi nyeupe pana inayoanza karibu na mdomo na kupita juu ya jicho hadi kisogoni, chini ya utosi wa kahawia iliyokoza. Mgongo ni kahawia, kifua na tumbo ni vyeupe, mabawa yana mistari myeupe. Akiruka, usihangaike na nyusi: tazama kiuno, yaani pale juu ya mkia. Ni cheupe pe, na kinaonekana hata kwa mita 100 bila darubini.

Rangi ya mdomo inategemea uko wapi, na hapa ndipo vitabu vya Afrika Kusini huwapoteza wasomaji wa Kenya. Kusini, kwenye Kalahari na jirani zake, dume mkubwa ana mdomo mweusi na jike ana mdomo wa rangi ya pembe, hivyo unaweza kutofautisha jinsia kwa darubini. Nususpishi ya Afrika Mashariki, melanorhynchus, ina mdomo mweusi kwa wote wawili. Jina lenyewe maana yake ni hiyo. Ukiwa Baringo au Samburu usiandike "dume" kwa sababu ya mdomo mweusi. Utakachoweza kusema kwa mdomo ni umri tu: kinda aliyetoka kiotani karibuni ana mdomo uliopauka. Zambia, Malawi na kwingineko katikati utakutana na pectoralis, mwenye madoa ya kahawia kifuani.

Na hilo neno mahali kwenye jina la kisayansi si Kiswahili, ingawa ndege huyu kweli hana kwao pengine ila mti wake. Limetokana na jina la ndege huyu kwa Kitswana. Andrew Smith ndiye aliyemweleza kisayansi mwaka 1836.

Makazi yake ni nchi kavu yenye migunga, vichaka na ardhi tupu ya kuchakura, kuanzia Ethiopia na kusini mwa Somalia kupitia Kenya na Tanzania hadi Namibia, Botswana na Afrika Kusini. Anakula mbegu na wadudu, na karibu chakula chote anakiokota chini. Mahali penye nyasi ndefu zilizoshonana hapapendi. Mifugo ikipita na kula nyasi hadi ardhi ikabaki wazi, yeye huona ni neema.

Hakikisha mti ni wake

Nchi kavu ina mafundi wengi wa viota, na kosa la kumpa mmoja mti wa mwingine ni la kila siku. Kiota cha korobindo kinafanana na furushi la majani makavu lililotupwa mtini na upepo. Mabua yamechomoza kila upande kama nywele zisizochanwa. Hafungi vifundo wala hasuki kama kwera wa manjano; anachomeka bua ndani ya mabua mengine mpaka lishike. Ukikaribia unaona kuwa furushi hilo ni mrija uliopinda kama herufi U iliyogeuzwa, na midomo yake miwili inatazama chini.

Viota vilivyosukwa kwa ufundi, vya kijani vikiwa vipya, vinavyoning'inia kwenye ncha za matawi, ni vya kwera. Marundo ya vijiti vya miiba ni ya jamaa zake wakubwa: Dinemellia dinemelli, mwenye kichwa cheupe na kiuno chekundu cha kuwaka, au Bubalornis, weusi. Mwenye kukaribia kabisa kukuchanganya ni Pseudonigrita arnaudi. Naye hujenga kwa nyasi kavu, naye huishi kwa makundi, lakini viota vyake ni vidogo, vimebanana zaidi, na mara nyingi viko kwenye migunga mifupi ya miiba yenye vinundu vya sisimizi. Mwenyewe ni mdogo, ana kofia ya kijivu na mkia mfupi wenye ncha iliyopauka. Hana nyusi.

Kaskazini mwa Kenya kuna pia Plocepasser donaldsoni, ndugu wa damu, ambaye viota vyake havina tofauti ya kutegemea kwa macho. Subiri ndege atokee: donaldsoni hana ile nyusi nyeupe pana. Ukikuta nyusi nyeupe lakini utosi ni mwekundu wa hudhurungi, huyo ni P. superciliosus, wa misitu myepesi yenye miti mingi zaidi.

Kanuni ni hii: usiandike spishi kwa kutazama kiota pekee. Viota vya zamani hupangishwa bila kodi. Ndege wadogo wa jenasi Amadina, kwa mfano, huzalia katika viota vilivyoachwa na wengine, na kule kusini mwenye kichwa chekundu, A. erythrocephala, anavipenda hasa vya korobindo.

Kusoma mti

Nenda mchana, saa tano au saa sita, jua likiwa kali na ndege wakiwa wametulia. Huu si wakati wa kuhesabu ndege. Ni wakati wa kuchora.

Chora mti kama unavyoonekana kutoka sehemu utakayokaa jioni. Weka kila kiota mahali pake na ukipe namba, ukianzia kushoto kwenda kulia na juu kwenda chini. Piga picha kutoka papo hapo, ili siku ya pili namba 7 ibaki kuwa namba 7. Kisha zunguka mti na dira, uandike kila kiota kiko upande gani wa shina kwa digrii. Utaona havikutawanyika ovyo. Vingi vimerundikana upande mmoja, ule usiopigwa na upepo uliozoeleka. Kusini mwa Afrika mara nyingi ni magharibi. Ukijua hilo, unaweza kuona upande wenye viota kwa mbali na kuchagua pa kukaa kabla hujafika chini ya mti. Viota vichache vilivyo upande wa upepo huchakaa upesi, kwa hiyo vichunguze kwa makini zaidi kabla ya kuviita hai.

Sasa pima hali ya kila kiota kwa darubini. Kilicho hai kina midomo iliyo wazi na mviringo unaoeleweka, mabua mapya ya manjano yamechanganyika na ya zamani, na chini yake kuna vinyesi vyeupe vibichi juu ya majani au mchanga. Kilichokufa kimekuwa kijivu chote, kimelegea, mdomo umejifunga au una utando wa buibui. Utando ni shahidi mzuri kuliko rangi. Rangi hudanganya baada ya mvua kubwa, maana hata bua la wiki mbili hupauka; lakini ndege akipita kila jioni, buibui hapati nafasi ya kumaliza kazi.

Andika alama moja kati ya tatu: H kwa hai, X kwa kilichokufa, na ? kwa usichokuwa na hakika nacho. Usione haya kuweka alama za kuuliza nyingi, jioni itazijibu. Ila fahamu kuwa hata H zote si idadi ya ndege. Familia huwa na viota vizuri vya akiba, na hujenga mwaka mzima, siyo wakati wa kutaga tu.

Vifaa

Darubini ya 8x42 (inakuza mara 8, lenzi ya mbele ina kipenyo cha milimita 42) inatosha kwa karibu kila kitu. Ya 10x huonyesha zaidi mchana lakini hutikisika, na jioni lenzi yenye kipenyo kidogo huingiza giza mapema. Ongeza kiti kifupi, daftari la mistari, penseli mbili (kalamu ya wino hukataa umande wa alfajiri), dira, saa, na tochi yenye mwanga mwekundu ya kusomea daftari. Simu yako inatosha kunasa sauti ikiwa upepo ni mdogo. Nguo za rangi ya udongo. Kama familia ina ndege waliovishwa pete za rangi na watafiti, leta teleskopu. Darubini ya mkono haitasoma pete kwa mita 40.

Kuhesabu jioni

Hii ndiyo kazi yenyewe, na ndiyo inayoharibiwa na mambo madogo.

1. Fika dakika 75 kabla ya jua kuzama. Karibu na ikweta hiyo ni kati ya saa kumi na moja na saa kumi na moja na nusu jioni. Kaa mita 30 hadi 40 kutoka kwenye mti, jua likiwa nyuma yako au pembeni. Ukilitazama jua, ndege wote watakuwa vivuli.

2. Chagua mahali unapoona ubavu wa viota. Kwa sababu kiota cha kulala kina milango miwili, ndege anaweza kuingia kwa huu na kutokea kwa ule bila wewe kujua, akaingia kiota cha pili, ukamhesabu mara mbili. Ukiona mlango mmoja tu, huhesabu, unabahatisha. Kama mti ni mnene, waje watu wawili wakae pande zinazotazamana, na saa zao zilingane hadi sekunde.

3. Dakika 20 za kwanza usiandike idadi. Waache wakuzoee. Ndege akikutazama na kutoa mlio mkali wa kukatika, chik, chik, bado umekaribia mno. Rudi nyuma mita 10.

4. Familia inaporudi kutoka malishoni hutua kwanza kwenye matawi ya nje, na mara nyingi huimba pamoja kwa kelele, wote wakitikisa mabawa. Hesabu hapo haraka, hata kama ni kwa kukisia. Itakuwa namba yako ya kwanza.

5. Wanapoanza kuingia, andika kila tukio: saa, namba ya kiota, K kwa kuingia au T kwa kutoka. Usifanye hesabu kichwani. Wengi huingia, hutoka, hujaribu kiota kingine, hufukuzwa na mwenye nacho, hurudi. Mstari mmoja kwa kila mwendo.

6. Zikipita dakika 10 bila mwendo wowote, funga. Kaa dakika 5 zaidi. Mara nyingi kuna mmoja aliyechelewa.

7. Ondoka kimya, ukirudi kwa njia uliyojia, bila kupita chini ya mti. Wakishtuliwa gizani huruka, na usiku huo wanaweza kulala mahali pasipo salama.

8. Nyumbani, kwa kila kiota toa T kwenye K. Jumla ya vilivyobaki na 1 ndiyo familia yako.

Mfano wa hesabu: kiota 3 kina K, T, K, kimebaki na 1. Kiota 5 kina K, T, sifuri. Kiota 8 kina K, K, T. Kimebaki na 1. Kiota 11 kina T peke yake, na matokeo ni hasi 1. Hii ya mwisho isikutishe wala usiifute: ina maana ndege alikuwa ndani kabla hujaanza kuandika, au aliingia kwa mlango usiouona. Iwekee alama, na kesho badilisha pembe ya kukaa.

Kiota kikibaki na 2, shuku kwanza. Inawezekana ni kinda aliyeruka karibuni amelala na mkubwa, lakini mara nyingi zaidi ni T moja uliyoikosa.

Kuhusu saa: andika kwa mtindo wa saa 24. Ukiandika "12:31" ukimaanisha jioni kwa Kiswahili, atakayeingiza takwimu kwenye kompyuta ataisoma ni adhuhuri, na korobindo wako watakuwa wamelala mchana kweupe. Andika 18:31.

Rudia jioni tatu, si lazima mfululizo. Ukipata 6, 7, 7, familia ni ya 7. Ukipata 4, 7, 9, usichukue wastani wa 6.7, hakuna ndege wa sehemu saba ya kumi. Tatizo liko kwenye njia, na kwa kawaida ni moja kati ya haya: mvua iliwaingiza mapema siku ya kwanza, mwewe alipita, au familia inalala kwenye miti miwili na siku nyingine baadhi wamehamia mti wa pili. Kwa hili la mwisho, tafuta viota ndani ya mita 50 kila upande kabla ya jioni ya nne. Familia nyingi zina ndege kati ya 2 na 12, kwa hiyo ukifika 15 huenda umeunganisha familia mbili.

Alfajiri: nani mwenye mji

Ndani ya kila familia, dume mmoja na jike mmoja ndio wanaozaa. Wengine ni wasaidizi, wengi wao watoto wa matagano yaliyopita ambao hawajaondoka. Kwa macho hutawatenga Afrika Mashariki. Kwa masikio, dume kiongozi hujitaja mwenyewe.

Katika msimu wa kuzaa, kabla hapajapambazuka, huimba peke yake, wimbo mrefu uliochanganyika miluzi na mikwaruzo, sauti baada ya sauti bila kupumzika sana. Huo ni tofauti kabisa na kelele za kundi. Wimbo wa pamoja au wa wawili, kitu kama chiup-priiu-chop kinachopandana na kukatizana, huimbwa mwaka mzima na yeyote katika familia. Wimbo wa pekee wa alfajiri ni wa dume kiongozi.

Kwa hiyo fika bado kuna giza, saa kumi na moja alfajiri kwa sehemu za karibu na ikweta, ukae palepale pa jioni. Washa kinasa sauti mara ufikapo, taja tarehe na namba ya mti kwa sauti ya chini, kisha nyamaza. Andika wimbo unatoka upande gani na unaishia saa ngapi. Ukisikia waimbaji wawili wa pekee kwa wakati mmoja kwenye miti miwili iliyokaribiana, una familia mbili, hata kama viota vimeonekana kama kundi moja. Hiki ndicho kipimo kizuri kuliko vyote cha kutenganisha majirani. Kimya cha alfajiri, hata hivyo, hakithibitishi kitu: nje ya msimu wa kuzaa wimbo huo hukosekana, dume akiwepo.

Mwanga ukianza, hesabu wanaotoka. Wanatoka haraka, wakati mwingine wote ndani ya dakika chache, na bado macho hayaoni vizuri. Tumia hesabu hii kuipima ya jioni, usiitegemee peke yake. Zikitofautiana kwa mmoja, amini ya jioni. Zikitofautiana kwa zaidi, rudi jioni nyingine.

Uzazi umefika wapi

Kiota cha kutagia ni kiota cha kulala kilichofanyiwa marekebisho: mlango mmoja umezibwa, na ndani kuna kikombe kilichotandikwa nyasi laini na manyoya. Kwa nje utaona furushi lenye mdomo mmoja. Tahadhari: mlango wa pili unaweza kuwa wazi ila umefunikwa na mabua yaliyolegea, kwa hiyo thibitisha kwa kuangalia ndege wanatumia upi kwa dakika 30.

Hatua unazisoma kwa kinachobebwa mdomoni.

Mabua marefu na magumu: ujenzi wa kawaida, hauna maana ya uzazi. Manyoya, au vichwa laini vya nyasi, vikiingia kwenye kiota kimoja tu: matandiko, na kutaga kuko karibu. Hufuata mvua, kwa hiyo usitegemee tarehe ya kalenda. Tegemea nyasi zilizochipua. Kisha inakuja kipindi cha kimya. Jike kiongozi peke yake huatamia, anaingia na kutoka mdomo mtupu, akikaa ndani muda mrefu. Mayai kwa kawaida ni 2, mara chache hufika 4, na huatamiwa siku 14 au zaidi kidogo. Siku wadudu wanapoanza kuingia kiotani, tena wakiletwa na ndege zaidi ya wawili, makinda yametotolewa. Andika tarehe hiyo kwa mkazo, maana kutoka hapo hesabu ni rahisi: makinda hukaa kiotani takriban wiki tatu, siku 21 hadi 23 au zaidi kidogo.

Kupima kasi ya ulishaji, hesabu maingizo yenye chakula kwa dakika 30 na kuzidisha kwa 2. Fanya hivyo saa ileile kila siku, la sivyo unalinganisha asubuhi ya baridi na mchana wa jua kali. Na mtu asikudanganye kuwa ulishaji mwingi maana yake ni makinda mengi. Wasaidizi wakiwa wengi, safari huongezeka hata kwa kinda mmoja.

Ulishaji ukikatika ghafla kabla ya siku ya 20, usiandike "wameruka". Chunguza mdomo wa kiota kwa darubini. Ukipasuliwa au ukivutwa nje, mwewe wa viota ndiye mshukiwa. Micronisus gabar na Polyboroides typus wote hupekua viota. Kiota kikiwa kizima bila hata bua kuanguka, fikiria nyoka. Hii pia ndiyo sababu ya kwanza ya kutoingiza kidole kwenye kiota cha korobindo: nyoka wapanda miti hufika humo kula mayai, na huweza kukaa humo. Sababu ya pili ni kwamba sakafu ya nyasi iliyosukumwa na mkono hairudi kama ilivyokuwa, na yai hupita katikati.

Kupima kiota kwa picha

Kuna jambo linalofaa kurekodiwa ambalo wengi huliacha. Mwaka 2024 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Kalahari, uliofanywa kwa familia 43 na viota zaidi ya 400, ukionyesha kwamba kila familia ina mtindo wake wa kujenga: wengine mirija mirefu, wengine mifupi, na mtindo hudumu kutoka kiota hadi kiota. Familia jirani, mti wa aina moja, nyasi zilezile, na bado umbo ni tofauti. Kwa Afrika Mashariki vipimo vya namna hiyo vinafaa kukusanywa.

Piga picha kutoka ubavuni, kamera ikiwa sambamba na urefu wa mrija, ndege akiwa amekaa mdomoni mwa kiota. Ndege ndiye rula. Chukua urefu wake kuwa sentimita 18, pima kwenye skrini uwiano wa mrija na ndege, zidisha. Ndege akiwa na urefu wa milimita 30 kwenye skrini na mrija 85, mrija ni kama sentimita 51. Ndege aliyejikunyata au aliyegeuka nusu ataharibu kipimo, kwa hiyo piga picha nyingi na uchague ile ambayo amenyooka. Pima viota vitano au zaidi kwa kila familia. Kiota kimoja hakionyeshi mtindo.

Kuandika na kupeleka

Kila mti uwe na ukurasa wake: viwianishi vya GPS, aina ya mti, jumla ya viota, H, X na ?, namba ya kila jioni kivyake, alfajiri, kiota cha kutagia, na hali ya hewa. Usiandike matokeo ya mwisho tu. Anayesoma "7" hajui kama ilitoka kwenye 7, 7, 7 au kwenye 3, 7, 11.

Rekodi za Kenya zinafaa kuingizwa Kenya Bird Map, mradi wa ramani ya ndege wa Kenya, ambako orodha kamili huhitaji angalau saa mbili za kutafuta ndani ya eneo moja la ramani; eBird, hifadhidata ya mtandaoni ya ndege, inapokea kutoka popote. Kwenye zote mbili, idadi iwe ya ndege, na viota uvitaje kwenye maelezo. Eneo lenye viota vyenye makinda lisiwekwe mitandaoni kwa picha inayoonyesha barabara.

Kutazama kwa mbali hakuhitaji kibali, isipokuwa taratibu za kuingia hifadhini au ruhusa ya mwenye shamba. Kukamata ndege, kuvisha pete, kuchukua mayai au kuingiza kamera kiotani ni jambo lingine kabisa: Kenya linapitia NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi) na taasisi za wanyamapori, Tanzania COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia) na TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori). Ukikuta ndege wenye pete tayari, soma mguu wa kushoto wa ndege, juu kwenda chini, kisha wa kulia. Ni kushoto kwake, si kwako. Akikutazama, mguu huo uko upande wako wa kulia. Andika pia rangi usizokuwa na hakika nazo, ukiziwekea alama ya kuuliza, kwa sababu jioni ya machungwa hugeuza pete nyeupe kuwa ya manjano, na bluu iliyokoza kuwa nyeusi.